Kondomu Imepasuka: Mwongozo wa Saa 72 za Kwanza na Wiki Zinazofuata

Kondomu imepasuka, imechomoka ikabaki ndani, au mlizidiwa na hamkuvaa kabisa. Ni saa tano usiku na maswali yanakujia kwa mkupuo. Mimba je? Ukimwi je? Niende wapi saa hizi, na nikifika nitasema nini?

Mwongozo huu unafuata mtiririko wa muda, kwa sababu katika jambo hili muda ndio unaoamua karibu kila kitu. Wengi wanaojuta baadaye hawakukosa dawa. Dawa ilikuwepo, pengine mtaa wa pili tu. Walisubiri Jumatatu, au walisubiri waone dalili kwanza, au waliona aibu kuuliza kwenye duka la dawa lililojaa watu wanaowafahamu.

Kuna mambo mawili ya kuwahi, mimba na virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia VVU lazima ianzwe ndani ya saa 72, na baada ya hapo hupewi kwa sababu haitakusaidia. Kwa mimba una hadi siku tano, ila kila siku inayopita inapunguza nguvu ya vidonge. Vijana wengi hukimbilia P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, na kulala usingizi, maana mimba itaonekana na majirani lakini virusi havionekani. Nakusihi uyashughulikie yote mawili siku hiyohiyo.

Kabla hujatoka chumbani

Kama kondomu imebaki ndani, chuchumaa, ingiza kidole kilichooshwa na uivute taratibu. Ikishindikana, usitumie kijiti wala kibano. Muuguzi ataitoa kwa dakika chache, na si mara yake ya kwanza kuitoa.

Usijisafishe ndani ya uke. Si kwa sabuni, si kwa limao, si kwa maji ya chumvi, si kwa soda, si kwa shabu, si kwa Dettol. Mbegu za kiume hupita mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, kwa hiyo maji yanayofika baadaye hayazikuti zote. Isitoshe, kuosha ndani kunachubua ngozi laini ya uke, na michubuko hiyo huwarahisishia virusi na bakteria kazi ya kupenya. Nawa nje kwa maji ya kawaida, basi. Kukojoa hakuna ubaya, kunasaidia kupunguza maambukizi ya njia ya mkojo, ila hakuzuii mimba kwa kuwa mkojo una njia yake tofauti na uke. Kurukaruka hakusaidii chochote.

Kisha andika saa, hata kwenye simu. Mkifanya Ijumaa saa nne usiku, saa 72 zinaisha Jumatatu saa nne usiku. Lakini kliniki nyingi hufungwa alasiri na foleni unaijua ilivyo, kwa hiyo kimahesabu mwisho wako ni Jumatatu asubuhi, na busara inasema uende Jumamosi. Hospitali za wilaya na za mkoa zina kitengo cha dharura kinachofanya kazi usiku na mwisho wa wiki.

Kama mwenzako yupo, muulize hali yake ya VVU bila kumgombeza. Mtu anayeishi na VVU ambaye anameza dawa zake kila siku na vipimo vya hospitali vinaonyesha virusi havionekani kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Hiyo ni taarifa muhimu sana kwa daktari wako. Kwa upande mwingine, mtu anayesema “mimi nilipima mwaka jana, niko safi” hajakupa jibu. Na hata akipima leo akaonekana hana, bado kuna kipindi cha matazamio, yaani wiki za mwanzo ambazo virusi vimeshaingia lakini kipimo hakijaweza kuviona.

Hatua ya kwanza ni PEP

PEP ni dawa za ARV anazopewa mtu ambaye hana VVU ili kuzuia virusi visijikite mwilini baada ya tukio la hatari. Zinamezwa kwa siku 28. Mpangilio unaotumika sana siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir ndani yake. Ukianza ndani ya saa 24 ni bora zaidi kuliko kuanza saa ya 70.

Tanzania utaipata kwenye hospitali na vituo vya afya vyenye CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, na Kenya kwenye vituo vyenye kliniki kama hiyo, inayoitwa CCC. Ukifika mapokezi huna haja ya kusimulia mapenzi yenu. Sema hivi: “Nilifanya mapenzi bila kinga jana saa nne usiku, naomba kuonana na daktari kuhusu PEP.” Saa uliyoitaja inamwonyesha mhudumu kwamba hili si la kupangiwa wiki ijayo. Ukiambiwa rudi kesho, uliza daktari wa zamu ni nani, au nenda hospitali kubwa zaidi siku hiyohiyo. Wapo wahudumu wanaokuangalia vibaya au kukuhubiria. Inauma, lakini mvumilie upate dawa, malalamiko utayapeleka kwa mganga mfawidhi ukishameza kidonge cha kwanza.

Kwanza utapimwa VVU kwa tone la damu ya kidole. Kama kumbe tayari unavyo, PEP haikufai, utaanzishiwa matibabu kamili. Huenda ukapimwa pia figo na homa ya ini aina ya B. Kama hujawahi kuchanjwa homa ya ini B, uliza chanjo yake hapohapo, kwa sababu nayo inazuia maambukizi ikitolewa mapema baada ya tukio.

Meza kidonge saa ileile kila siku. Wiki ya kwanza wengine hupata kichefuchefu, kichwa kuuma au usingizi wa mang’amung’amu, na kwa kawaida hupungua. Ukisahau, meza unapokumbuka, usimeze viwili kwa mpigo siku ya pili. Mweleze daktari dawa nyingine zote unazotumia. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na vile vya kutuliza kiungulia hupunguza nguvu ya dolutegravir, na kanuni ya jumla ni kumeza PEP saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Dawa ya kifua kikuu ya rifampicin nayo inabadilisha dozi. Kwa siku zote 28, na mpaka upate majibu ya mwisho, tumia kondomu.

Usiazime ARV za ndugu au rafiki. Utakosa kupimwa, huenda dozi isiwe yako, na yeye utamwachia pengo kwenye matibabu ambayo hapaswi kuyakatiza hata siku moja.

Hatua ya pili ni mimba

P2 tunaiita hivyo kutokana na Postinor-2, ingawa siku hizi kuna majina mengi. Dawa ndani yake ni levonorgestrel, jumla miligramu 1.5. Baadhi ya pakiti zina kidonge kimoja, nyingine viwili vya 0.75. Maelezo ya zamani yalisema umeze kimoja, cha pili baada ya saa 12. Huna haja ya kusubiri. Meza vyote viwili kwa pamoja, ufanisi ni uleule na huwezi kusahau cha pili. Kabla ya kulipa, geuza pakiti uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi na kama karatasi ya nyuma haijatobolewa.

Inafanya kazi zaidi ndani ya saa 72. Hadi saa 120 bado inaweza kusaidia, kwa nguvu iliyopungua. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, rudia dozi.

Maswali ya P2 ndiyo yanayoulizwa kuliko yote, na kwa sauti ya chini kuliko yote, kwa hiyo nitayajibu kwa urefu.

Inafanyaje kazi? Inachelewesha yai lisitoke kwenye ovari, ili mbegu zilizoingia zife bila kukutana nalo. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu. Yai likishatoka, vidonge hivi havina la kufanya. Na ndiyo maana haitoi mimba. Kama mimba ilishatunga, P2 haiiharibu, wala haimdhuru mtoto.

Inaharibu kizazi? Hapana. Wapo waliomeza wakapata mimba mwezi uliofuata, na hao ni ushahidi tosha. Ukimeza mara mbili ndani ya mwezi mmoja mwili hauharibiki, ila hedhi itavurugika. Na kama unajikuta unainunua kila wikendi, unatumia njia dhaifu wakati zipo imara zinazotolewa bila malipo kwenye vituo vya serikali.

Nimetokwa na damu kidogo baada ya siku nne, ina maana imefanya kazi? Si lazima. Matone yanaweza kuja kutokana na dawa yenyewe. Hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa, na kinachotoa jibu ni kipimo cha mimba, siyo matone.

Nimemeza asubuhi, jioni tumefanya tena. Je, bado inanilinda? Hapana. Tena hapa ndipo mimba nyingi zinapoingilia. Yai limecheleweshwa tu, litatoka baadaye, na tendo la jioni linaweza kulikuta. Tumia kondomu mpaka uanze njia ya kawaida ya uzazi wa mpango.

Nanyonyesha, naweza kumeza? Ndiyo, na endelea kunyonyesha.

Zipo dawa zinazopunguza nguvu ya P2, hasa efavirenz, rifampicin na baadhi ya dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin. Mwenye uzito mkubwa pia huenda asipate kinga kamili. Mkiwa kwenye kundi hilo, mwambieni mfamasia wazi, awashauri kuhusu dozi mara mbili au kitanzi.

Kitanzi cha madini ya shaba kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, kuliko kidonge chochote cha dharura, kisha kinabaki kama njia ya muda mrefu kwa miaka 10 au zaidi. Sijui kwa nini kinatajwa kidogo hivi dirishani. Mhudumu atakuchunguza kwanza, kwa sababu hakiwekwi kama una kisonono au klamidia ambayo haijatibiwa.

Flagyl, kwinini, majivu, soda na panadoli, maji ya chumvi ya kunywa: hakuna hata kimoja kinachozuia mimba, na kwinini ya kupindukia inaua.

Halafu kuna “siku salama”. Mbegu za kiume huishi ndani ya mwanamke hadi siku tano. Yai huishi saa 12 hadi 24. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, siyo siku 14 baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 hesabu hizo zinamwangukia mahali pamoja. Mwenye mzunguko wa siku 24 yai lake hutoka karibu siku ya 10, kwa hiyo tendo la siku ya sita, damu ikiwa ndiyo kwanza imekatika, linaweza kumpa mimba. Stress, ugonjwa au safari navyo husogeza tarehe. Ukiwa na shaka, meza, usikae ukihesabu vidole.

Kama hukuridhia

Yote yaliyo hapo juu yanakuhusu, isipokuwa lile la kunawa, na yapo ya ziada. Usioge, usibadilishe nguo kama unaweza kuvumilia. Ukibadilisha, ziweke nguo kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, kwa sababu unyevu wa nailoni unaharibu ushahidi. Nenda hospitali haraka. Tanzania utahitaji fomu ya polisi PF3, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, lakini muda ukibana anzia hospitalini, matibabu ya dharura kwanza. Zipo hospitali zenye Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja. Kenya simu ya bure ni 1195. Kwa mtoto, 116 inapokelewa Tanzania na Kenya. Mtu wa kukusindikiza ni msaada mkubwa. Shangazi, jirani, dada wa rafiki, yeyote unayemwamini. Kosa si lako.

Wiki ya kwanza hadi ya tatu: magonjwa ya zinaa

Kwa mwanamume, kisonono hujionyesha mara nyingi ndani ya wiki moja. Usaha unatoka, mkojo unachoma. Kwa mwanamke kisonono na klamidia zinaweza kukaa miezi bila dalili yoyote huku zikipanda kwenye mirija ya uzazi, na hapo ndipo ugumba unapoanzia kwa wengi. Kaswende huanza na kidonda kisichouma, takriban wiki tatu baada ya tendo. Kidonda kinapona chenyewe na mtu anadhani amepona. Hajapona, ugonjwa umehamia ndani.

Hapa nina ombi. Acha kuita kila muwasho na kila uchafu wa ukeni “UTI” na kununua ampicillin ya siku mbili. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Uchafu wenye harufu, muwasho mkali, maumivu chini ya kitovu na vidonda ni mambo mengine, kila kimoja na dawa yake, na dozi nusunusu zinawafundisha wadudu usugu. Nenda ukapimwe hata kama huna dalili. Ukikutwa na ugonjwa, mwenzako atibiwe siku zilezile, vinginevyo mtaendelea kurudishiana.

Wiki ya tatu: kipimo cha mimba

Kupima siku ya tano ni kujitesa. Kipimo cha mkojo kinatafuta homoni ya hCG, na inahitaji muda ipande. Siku 21 baada ya tendo jibu ni la kuaminika, au hedhi ikichelewa zaidi ya wiki.

Kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye kikombe safi kikavu. Fungua pakiti ya kipimo wakati huohuo, siyo usiku wa jana. Shika upande wa juu, chovya mishale ikitazama chini bila mkojo kuvuka mstari wa mwisho, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti. Kilaze mahali pasawa, soma baada ya dakika tatu hadi tano. Mstari mmoja kwenye C, hakuna mimba. Mistari miwili, kuna mimba, hata kama wa pili umefifia. Kusipokuwa na mstari kwenye C, kipimo kimeharibika, chukua kingine. Baada ya dakika kumi usikisome tena, mstari wa uongo unaweza kutokea kikikauka.

Kama una mimba na maumivu makali yamekaa upande mmoja wa tumbo, bega linauma, au unapata kizunguzungu cha kuzimia, wahi hospitali saa hiyohiyo. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na mrija ukipasuka damu inavuja ndani usipoiona. Vivyo hivyo kwa mwenye damu nyingi, homa au harufu mbaya baada ya mimba kutoka, iwe imetokaje. Mweleze daktari ukweli, anahitaji kujua ulichotumia ili akuokoe.

Mwezi wa kwanza na wa tatu: VVU tena

Rudia kipimo wiki ya nne hadi ya sita, kisha miezi mitatu baada ya tukio. Cha miezi mitatu kikionyesha huna, tukio lile limekwisha. Tanzania, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi, na kujipima mwenyewe nyumbani kumeruhusiwa. Kipimo cha kujipima kikionyesha maambukizi, hilo bado si jibu la mwisho, lazima lithibitishwe kituoni. Ambaye matukio haya hayakwepeki kwake, kwa mfano mwenza wake ana VVU na bado hajafikia hatua ya virusi kutoonekana, aulizie PrEP, dawa ya kujikinga kabla.

Ili isipasuke tena

Kondomu nyingi hupasuka kwa sababu zinazoeleweka. Mafuta ya nazi, Vaseline na losheni hudhoofisha mpira ndani ya dakika chache, kwa hiyo tumia kilainishi cha maji. Kuvaa mbili kwa pamoja kunaleta msuguano na kuzipasua. Iliyokaa kwenye pochi ya mfuko wa nyuma miezi kadhaa imeshachoshwa na joto. Unapovaa, bana chuchu ya mbele ili hewa itoke, viringisha mpaka kwenye shina, na ukimaliza toka uume ukiwa bado umesimama, umeshika pindo la kondomu.

Kwa mimba, chagua njia ya uzazi wa mpango siku hiyohiyo unapomeza P2 au kesho yake. Vidonge vya kila siku unaweza kuanza mara moja, ukitumia kondomu kwa siku saba za mwanzo. Sindano ni kila miezi mitatu, na anayetaka mtoto karibuni ajue kwamba uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Kijiti cha mkononi hukaa miaka mitatu au mitano kutegemea aina, na ukikitoa uzazi unarudi haraka. Sindano na kijiti huvuruga hedhi, wengine wanapata matone, wengine hawaoni kabisa siku zao. Damu isiyotoka haijikusanyi tumboni. Haikutengenezwa tu, kwa sababu ukuta wa kizazi umebaki mwembamba. Na hakuna kati ya hizi, zaidi ya kondomu, inayozuia VVU, kwa hiyo kwa wengi jibu ni njia mbili kwa pamoja, kondomu na mojawapo ya hizi.

Ukishawekewa kijiti au kitanzi, hakikisha muuguzi ameandika kwenye kadi aina yake na tarehe ya kukitoa, kisha ipige picha kadi hiyo uihifadhi kwenye simu.